Mkono Uliokataa Kuhama

Jina lake la cheti lilikuwa refu na zuri, lakini hakuna aliyelitumia ila mwalimu wa darasa siku za kuita majina. Nyumbani, mtaani na uwanjani aliitwa Mashoto. Mwingine angenuna. Yeye aliitika, tena kwa sauti, mpaka waliomwita kwa kejeli wakachoka na kejeli yao, likabaki jina tu. Alipokuwa mkubwa alizoea kusema kwamba mkono wake wa kushoto haukumpa taabu hata siku moja. Taabu aliipata kwa watu wa kulia.

Alilelewa na shangazi yake, mshonaji, katika chumba ambacho nusu kilikuwa cha kulala na nusu cha cherehani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na baba yake alikuwa mtu wa safari, leo huku, kesho kule, mwisho akawa mtu wa kutuma salamu. Shangazi alikuwa na maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno yake, ila kwa mkono wa kushoto hakuwa na msamaha. Mtoto akinyoosha kushoto kuchukua chakula, rula ya kupimia nguo ilifika kabla yake. Akipokea kitu kwa kushoto, kitu kilirudi kilikotoka. Kuna kipindi kizima alifungwa mkono huo wakati wa kula, kwa mabaki ya vitambaa, leo vya maua, kesho vya mistari, kutegemea wateja walileta nguo gani.

"Samaki mkunje angali mbichi," Shangazi alikuwa akisema huku akikaza fundo.

"Mimi si samaki, Shangazi."

"Ungekuwa samaki ungekuwa umeshanyamaza."

Basi Mashoto alijifunza. Kula, kusalimia, kupokea na kutoa, vyote alivifanya kwa kulia bila kukosea, na mgeni aliyekaa naye sebuleni asingegundua lolote. Lakini kalamu, sindano ya uzi na mkasi vilirudi kushoto mara tu fundo lilipofunguliwa. Mkasi wa Shangazi ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya watu wa kulia, kwa hiyo mikononi mwake ulitafuna nguo badala ya kuikata. Hakuja mtu kumwelekeza. Aliuchunguza mwenyewe, akagundua kwamba kidole gumba chake kinatakiwa kivute pale ambapo cha wengine husukuma, akavuta, na nguo ikakatika mstari ulionyooka. Shangazi aliichukua ile nguo akaigeuza huku na huku akitafuta kosa. Alipolikosa alisema kwamba chai inapoa.

Uuguzi ulimwingia siku Shangazi alipojitoboa kidole kwa cherehani, sindano ikapita ukucha na kukatikia ndani. Mashoto, wakati huo bado yuko sekondari, ndiye aliyemshika bega pale zahanati. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mnene asiye na haraka, akamwambia Shangazi atazame dirishani, na Shangazi, ambaye hakuwahi kutii amri ya mtu maishani mwake, akatazama dirishani. Mashoto yeye alitazama mikono. Aliona jinsi mmoja ulivyotuliza kidole na mwingine ukafanya kazi, na yote yakaisha mgonjwa akiwa bado anasubiri yaanze. Walipokuwa njiani kurudi alisema anataka kuwa muuguzi. Shangazi, kidole kimefungwa kama yai, alimwangalia mkono wa kushoto, akaguna tu.

Alifaulu masomo yake na akaitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi. Nyuma ya meza walikaa bwana mmoja mwenye miwani, ambaye ndiye aliyekuwa akiuliza, na mama mmoja aliyekuwa akinywa maji polepole na kusikiliza. Bwana wa miwani alimwambia aandike pale pale, kwa maneno yake, kwa nini anataka kazi hiyo. Mashoto akainama akaandika. Alipoinua kichwa alikuta hakuna anayesoma alichoandika. Wote wawili walikuwa wanatazama kalamu.

"Binti, wewe unatumia kushoto?"

"Ndiyo."

"Na mgonjwa utamchoma sindano kwa mkono huo?"

"Nitamchoma kwa mkono unaojua kazi."

Halikuwa jibu la matusi, lakini lilikuwa na shingo ngumu, na shingo ngumu kwenye usaili haipendwi. Bwana wa miwani alivuta pumzi ya mtu mwenye huruma.

"Wagonjwa hawatakubali, mwanangu. Watu wana mila zao. Kwa nini usijaribu ualimu?"

"Na chaki nitaishika kwa mkono gani?"

Mama wa maji alikohoa. Bwana wa miwani akasema asante, anayefuata. Hakuchukuliwa.

Alipofika nyumbani Shangazi hakucheka. Alisema, "Nilikuambia," kwa sauti ya chini ya mtu ambaye angependa awe amekosea. Mashoto alilia, na lieleweke kwamba alilia kwa hasira. Huzuni angeivumilia. Kilichomkera ni kwamba hakuna aliyemjaribu. Wangempa kazi akaiharibu, angekubali. Lakini walikuwa wamempima mtu kwa kalamu yake kama wateja wanaokataa nguo bila kuivaa.

Akapata kibarua kwenye duka la dawa karibu na kituo, kufuta rafu na kupanga maboksi, na jioni alisoma vitabu vya kuazima juu ya mwili wa binadamu. Majirani walimshauri. Mmoja alijua ofisi inayotafuta karani. Mwingine alijua mwanamume anayetafuta mke, tena asiyejali mikono. Mashoto aliwashukuru wote. Msimu wa maombi uliporudi, naye akarudi, chuo kile kile. Asubuhi ya safari Shangazi alimnyooshea kola akasema, bila kumtazama machoni:

"Ukifika, salimia kwa kulia. Kuandika, andika unavyotaka."

Bwana wa miwani alimtambua kabla hajakaa.

"Wewe tena?"

"Mimi tena."

"Na ule mkono?"

"Nimeungoja mwaka mzima, haujahama."

Mama wa maji alicheka safari hii, kicheko cha wazi, akaweka glasi chini. "Tumchukue," akasema. "Tukimkataa huyu atakuja mwaka kesho, na mwaka kesho kutwa, mpaka mimi na wewe tustaafu. Tumchukue tupumzike." Hivyo ndivyo alivyoingia chuoni, na baadaye watu wakisema aliingia kwa bahati, alikuwa akiwasahihisha kwamba aliingia kwa kuchosha watu.

Chuoni mwalimu wa vitendo alikuwa mwanamume mkavu aliyefanya kazi wodini nusu ya maisha yake, na wanafunzi walimwita Mwalimu Trei, kwa kuwa kwake yeye dunia nzima ilikuwa trei. Pamba hapa, spiriti hapa, sindano hapa, plasta zimeshakatwa na kubandikwa ukingoni kabla hujamgusa mtu. Muuguzi asimame kulia kwa mgonjwa. Trei ikae upande wa mkono wa kulia. Aliyekosea mpangilio alianza upya, hata kama kengele ya chakula imelia.

Wenzake walisimama nyuma ya Mwalimu wakichungulia juu ya bega lake. Mashoto aligundua mapema kwamba huko nyuma kila kitu kinamjia kinyume, akahamia mbele, uso kwa uso na Mwalimu, ng'ambo ya kitanda. Kutoka pale mkono wa kulia wa Mwalimu ulikuwa upande wa kushoto wake, akawa anaiga kama mtu anayechana nywele kwenye kioo. Walianza kwa kudunga machungwa, wakaenda kwenye mkono wa mpira, na kote huko Mashoto alikuwa miongoni mwa wazuri. Tatizo lilianza zamu ya kudungana wenyewe kwa wenyewe ilipofika.

"Kuanzia sasa, kulia," Mwalimu Trei alimwambia. "Wodini hakuna atakayekupangia kitanda upya. Zoea."

Akatii. Lazima isemwe kwamba alitii kwa moyo mmoja, maana kuna wanaodhani mtu mkaidi hukaidi kila kitu. Alijizoeza kulia asubuhi na jioni, kwenye machungwa mpaka chumba kikanuka maganda. Kisha siku ikafika, na aliyelala kitandani alikuwa rafiki yake wa chumbani, msichana mcheshi mwenye mishipa iliyosimama wazi, mishipa ambayo hata kipofu angeipata. Mashoto akashika sindano kwa kulia. Ikaingia, ikautoboa mshipa na kutokea upande wa pili, na alipokuwa bado anatafuta la kufanya, mkono ule ulivimba mbele ya macho yake. Rafiki yake alisema si kitu. Alisema hivyo huku machozi yakimtoka.

Alama ile ilikaa kwenye mkono wa rafiki yake siku nyingi, kwanza zambarau, halafu kijani, halafu njano, na Mashoto aliiona kila alipofungua macho asubuhi. Ilimuuma kuliko rula zote za Shangazi. Hakungoja iishe. Alimfuata Mwalimu kwenye chumba cha mazoezi, akamkuta anafuta trei.

"Mwalimu, mkono wangu wa kulia una adabu lakini hauna akili. Nitautumia kupokea na kutoa. Kumdunga mtu kwa huo, sitarudia."

"Nikikuamuru?"

"Utaniandikia sifuri."

Mwalimu Trei aliendelea kufuta. Alikuwa mtu wa sheria, na mtu wa sheria akibadilika hubadilika kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwisho aliweka trei mezani, akaizungusha, kilichokuwa kulia kikawa kushoto.

"Basi jipange mwenyewe. Simama kushoto kwa mgonjwa, na trei yako iwe hivi. Lakini siku ya mtihani usije ukanililia."

Siku ya mtihani hakumlilia. Alifaulu, na rafiki yake wa chumbani ndiye aliyepiga vigelegele vingi kuliko hata Shangazi.

Kutafuta kazi kulikuwa habari nyingine. Kila hospitali ilikuwa na dirisha lake, na nyuma ya kila dirisha mtu aliyesema, "Tutakupigia." Simu ya Mashoto ilikuwa na afya njema, ila haikulia. Alivaa viatu vile vile vyeusi mpaka soli zikaanza kucheka. Sehemu moja walimwambia hawachukui wasio na uzoefu, akauliza uzoefu wenyewe unapatikana wapi kama kila mtu ameufungia kabatini, wakamwonyesha mlango. Jioni zake alimshonea Shangazi vifungo, na Shangazi, ambaye angeweza kusema "nilikuambia" nyingine, hakuisema.

Mwishowe hospitali moja ya ukubwa wa kati ilipungukiwa na muuguzi katika wodi ya wanaume, ikamwita kwa kipindi cha majaribio. Shangazi alimshonea sare usiku huo huo. Mashoto alipoivaa alinyanyua mkono kuweka kalamu, na kalamu ikaingia mfukoni bila kutafuta. Mfuko wa kifuani, ambao kwenye sare zote duniani hukaa kushoto ili mkono wa kulia uufikie, Shangazi alikuwa ameuweka kulia. Mashoto alimkumbatia kwa nguvu mpaka Shangazi akalalamika juu ya pini.

Wodi ilikuwa chumba kirefu chembamba katika jengo la zamani. Vitanda vya dirishani vilikuwa na nafasi pande zote mbili. Vile vya upande wa pili, ili troli ipate njia, vilikuwa vimesukumwa ubavu kwa ubavu na ukuta, mgonjwa akilala mkono wake wa kushoto unagusa rangi ya ukutani. Kwa wengine hilo halikuwa neno. Wao walisimama kulia kwa mgonjwa, kama Mwalimu Trei alivyofundisha. Mashoto alihitaji kushoto, na kushoto kulikuwa ukuta.

Kwa hiyo akawa anavuta vitanda. Alikanyaga breki kuifungua, akashika chuma cha miguuni, akavuta mpaka pakapatikana upenyo wa kupita mtu mwembamba, akajipenyeza na trei yake. Magurudumu yalipiga kelele za kutu, na wagonjwa wa dirishani wakawa wanatania kwamba gari moshi limefika. Aliyekuwa hataniwi ni mkuu wa wodi, mwanamke mwenye saa iliyobanwa kifuani, ambayo aliitazama mtu akiongea na pia akinyamaza. Wauguzi walimwita Sista Saa, akiwa hayupo.

"Nani anacheza na vitanda vyangu?" aliuliza siku ya kwanza.

"Sichezi, Sista. Nafanyia kazi."

"Virudishe. Hapa tunafanya kazi kwa utaratibu mmoja."

Alivirudisha. Kesho yake akavivuta tena, akavirudisha tena, na mgongo ukamuuma, lakini hakuna mgonjwa aliyevimba mkono.

Katika safu hiyo ya ukutani alilazwa fundi mwashi mmoja, mzee aliyekula chumvi nyingi na kujenga nusu ya mtaa. Mguu wake ulikuwa na kidonda kilichooza, akawa anawekewa dawa kwa dripu. Mashoto alipomjia mara ya kwanza na sindano, mzee alitazama mkono, akavuta blanketi.

"Huo ni mkono wa chooni. Niitie mwingine."

"Babu, nimeuosha na nitavaa glavu."

"Hata ukiuchemsha."

Ni haki ya mgonjwa kukataa, na Mashoto aliiheshimu haki hiyo ijapokuwa ilimchoma. Alimwita muuguzi mwenzake, kijana mpole, akaweka yeye. Ikawa hivyo kila mara. Mishipa ya mkono wa kulia wa Fundi ikachoka, ukavimba, na binti yake aliyekuja kumwangalia akadhani aliyemvimbisha ni yule wa kushoto. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa wodi kushtaki. Sista Saa alimwita Mashoto kwenye kijumba cha wauguzi, akafunga mlango.

"Watu wamelalamika. Kuanzia leo utapima joto na presha, utatandika vitanda, sindano waachie wenzako. Majaribio yako yanaisha wiki ijayo. Siku hiyo nitasimama nikuangalie ukiweka dripu, kwa kulia, upande walipo wenzako wote. Ukiweza, unabaki. Usipoweza, nitaandika kwamba wodi yangu haikuhitaji."

"Sista, kwa kushoto sijawahi kumuumiza mtu."

"Sijakuuliza kushoto."

Nyumbani Shangazi alisikiliza habari yote huku akisukuma cherehani, kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Tumia kulia siku hiyo moja. Moja tu. Wakishakuajiri, rudi kwenye mambo yako. Nani atakuuliza?"

Lilikuwa shauri la busara, na Mashoto alilitafuna. Alikuwa anaipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Alipenda hata harufu ya sabuni ya wodi. Akafikiri juu ya madirisha yale yote na "tutakupigia" zile zote.

"Siku hiyo moja ni ya nani, Shangazi?" akauliza hatimaye. "Si yangu. Ni ya mtu atakayekuwa amelala pale na mkono wake."

Shangazi akaachia gurudumu, akaendelea kushona.

Siku yenyewe dripu ya Fundi ilichomoka asubuhi akigeuka. Mkono wake wa kulia haukufaa tena kitu. Uliobaki ni wa kushoto, ule wa ukutani. Sista Saa aliona hapo ndipo pa kumpimia mtu. Alisimama miguuni mwa kitanda na saa yake, na mwenzake Mashoto, yule mpole, akasukuma troli. Fundi alipoona nani anakuja alianza kunung'unika.

"Si huyu. Nimeshasema si huyu."

"Usiwe na wasiwasi, Mzee," Sista alimwambia. "Leo anatumia kulia."

Mashoto alivaa glavu. Aliinama juu ya kifua cha mzee, kwa maana hapakuwa na njia nyingine ya kuufikia mkono ule kutoka upande huo, akaufunga mkanda, akautafuta mshipa kwa kidole. Aliupata. Ulikuwa mwembamba na unateleza, mshipa wa mtu aliyenyanyua mawe maisha yake yote. Akashika sindano kwa kulia. Mkono ulishika vizuri, kwa adabu zake zote, na haukujua chochote. Alijua kabisa itakavyokuwa: itaingia, itatokea upande wa pili, mzee atasema "aah," na yeye atajaribu tena, na tena, mbele ya watu, mpaka apate, na huenda hatimaye angepata. Na kazi angepata.

Akairudisha sindano kwenye trei na kufungua mkanda.

"Sista, siwezi."

"Huwezi kuweka dripu?"

"Kuweka naweza. Kwa mkono huu ndiyo siwezi. Nitamuumiza, na najua nitamuumiza kabla sijaanza. Mwambie mwenzangu aweke."

"Unajua maana ya unachosema?"

"Najua."

Akaanza kuvua glavu. Alikuwa ameshaanza kufikiria atamwambiaje Shangazi. Upande wa dirishani wote walijiinua vitandani kutazama. Hata mwenye kikohozi alikizuia.

"Ngoja kwanza," Fundi akasema. Alikuwa ameinua kichwa kwenye mto. "Wewe binti. Ungejaribu tu hivyo hivyo, wangekupa kazi?"

"Huenda wangenipa, Babu."

"Na mimi ningepata nini?"

"Ungevimba."

Mzee alilaza kichwa chini. Alikuwa mtu aliyeajiri vibarua wengi na kudanganywa na karibu wote.

"Tangu nilazwe hapa," akasema, "nimetobolewa na kila anayepita, na kila mmoja alianza kwa kuniambia haitauma. Nimevimba kama andazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha kwa ajili yangu." Kisha akamgeukia, uso umekunjamana kana kwamba anapatana bei ya saruji. "Huo mkono wako wa chooni, umeuosha?"

"Nimeuosha kuliko huu mwingine."

"Basi lete huo. Na Sista akitaka kuandika, aandike kwamba mwenye mkono amekubali."

Mashoto hakumtazama Sista Saa kuomba ruhusa. Alikanyaga breki, akashika chuma cha miguuni pale pale Sista aliposimama, Sista ikabidi asogee, akakivuta kitanda kutoka ukutani. Magurudumu yakalia. Akajipenyeza kwenye upenyo, akavaa glavu mpya, akageuza trei. Akafunga mkanda. Mkono wa kushoto ukashika sindano, na mwili wake wote ukatulia, kama mtu aliyefika kwao. Damu ikachungulia kwenye mrija, akasukuma taratibu, akafungua mkanda, akabandika plasta.

"Mbona huanzi?" Fundi akauliza, macho ameyafumba.

"Nimeshamaliza, Babu."

Mzee alifungua jicho moja, akatazama dripu inayodondoka, akalifunga tena.

Sista Saa alimngoja kwenye mlango wa kijumba cha wauguzi. Aliitazama saa yake.

"Umekaidi amri yangu mbele ya wagonjwa."

"Ndiyo, Sista."

"Sikuipenda hata kidogo."

"Najua, Sista."

"Kesho njoo saa yako ya kazi. Safu ya ukutani ni yako, sindano na yote. Nitaandika kwamba unabaki." Akageuka aende, akakumbuka. "Na vitanda vyangu. Ukimaliza zamu, uvirudishe ukutani."

Mashoto alikuwa na furaha ya kumkalisha mtu sakafuni, furaha ambayo ilitaka kupiga yowe na kulia pamoja, na mwenye akili timamu yeyote, akiwa amepewa kazi dakika ile ile, angesema asante Sista na kuondoka kabla maneno hayajabadilika. Alifikiria ule mgongo wake, na kuvuta, na kurudisha, kana kwamba kila asubuhi anaomba radhi kwa kuzaliwa.

"Asante, Sista," akasema. "Ila sivirudishi. Kesho nitavihitaji tena."

Sista Saa alifungua mdomo. Kisha akaitazama saa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaenda zake.

Vitanda vile mpaka leo vimesimama mbali na ukuta, kwa upenyo wa kupita mtu mwembamba, na troli hupita kwa kubanana. Wakaguzi wakija na kuuliza sababu, Sista Saa ndiye huwa wa kwanza kujibu, na huwajibu kwamba ni kwa ajili ya kufagia.